Mzee Asiyekula kwa Binti Yake

Mtaa huu hakuna mwenye mkono wa chakula kama Sugna, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mimi si mtu wa kumsifia mwenzangu bure. Choroko zake huzichemsha polepole mpaka zivurugike, kisha huziunga kwa samli, bizari nyembamba na kitunguu saumu, mpaka mume wangu akinusa huku kwetu ananiuliza, "Gomti, na wewe umepika nini?" Mkate wa uwele huupiga kwa viganja, ukatoka mviringo, haujachanika pembeni. Wangu huchanika mpaka leo.

Yote hayo alifundishwa hapa na mama mkwe wake, maana aliolewa mdogo, hajui hata kuwasha jiko. Kwa hiyo baba yake, Mzee Hanutaram, hakuwahi kuonja.

Kwetu baba hali kwa binti aliyemwozesha. Ukishamtoa umemtoa, kula kwake ni kama kudai ulichotoa. Wengine hulegeza wakipata mjukuu, lakini Sugna hakujaliwa. Basi kila baada ya mavuno mzee alimletea gunia la choroko, akakaa uani kwenye kitanda cha kamba, pembeni chupa ya maji aliyotoka nayo kwake. Hata maji ya kijiji chetu hakunywa.

"Baba, onja kijiko kimoja tu," Sugna alikuwa akimbembeleza. "Nani atakuona?"

"Gomti ananiona."

"Mimi macho yangu mabovu, mzee," nikamwambia. "Kula."

Alicheka, asile. Akienda kituoni kungoja basi, ndipo anafungua mkate wake mkavu na kitunguu. Iliniudhi. Mila ni mila, sawa, lakini mtoto wa watu analia jikoni kwa ajili ya kijiko cha choroko? Siku moja nilimfuata kule kituoni nikamwambia usoni, "Mzee, choroko zako hapa mpaka mbwa anakula. Wewe tu ndiyo hapana."

Hakukasirika. "Mwanangu, unadhani sitaki? Ile harufu naondoka nayo mpaka nyumbani."



Miaka ikaenda, akili ya mzee ikaanza kumtoka. Pema, mtoto wake wa kiume, akawa hamruhusu kutoka peke yake. Lakini msimu wa baridi uliopita, adhuhuri, tulimwona anaingia uani, hana chupa, hana mkate, viatu vimejaa mchanga. Sijui basi alilipandaje. Akakaa palepale anapokaaga.

"Mama, nina njaa," akamwambia Sugna.

"Baba, ni mimi. Sugna."

"Sugna ni binti yangu," akasema kwa adabu. "Ameolewa mbali."

Sugna akanigeukia. Nikamwambia, "Mpe, dada. Mwenye njaa hanyimwi."

Akampakulia. Mzee akauvunjavunja mkate kwenye choroko, akaongezwa samli, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. Mimi machozi yananitoka, nikasingizia moshi.

"Mama, una mkono wewe," akasema. "Baba yako anakujaga?"

"Huja kila mavuno."

"Basi anafaidi. Mimi kwa binti yangu sili. Na nasikia anapika vizuri, wanasema wote. Nitakufa na tamaa yangu."

Sugna akaingia ndani, akakaa huko mpaka Pema alipofika kumchukua mzee. Walipoondoka nikamfuata. Alikuwa anaosha ile sahani, ameshaiosha imetakata, bado anaisugua.

"Shoga, usilie," nikamwambia. "Si amekula? Miaka yote ulikuwa unataka hivyo."

"Aliyekula ni mgeni, Gomti," akasema. "Baba yangu bado hajala."