Samaki wa Miguu Minne

Nyumbani kwetu Kanja, kobe huitwa nguru. Ni neno la Kiembu, na kila mtoto wa kule analijua kabla hajajifunza kufunga vifungo vya shati. Kwa Kiswahili, nguru ni samaki wa baharini. Hilo nalo nililijua mapema, ndiyo maana siwezi kujitetea.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ya tisini ikiwa imeanza tu, na nilikuwa hodari wa Kiswahili kupita kiasi. Mwalimu wetu alipenda kuwaambia wenzangu kwamba neno "sijui" halimo kinywani mwangu. Sifa hizo zilinivimbisha kichwa. Nyumbani nilimsahihisha kila mtu, hata wageni waliokuja kunywa chai, na mama alikuwa akinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Siku ya kufunga shule mwezi wa Aprili nilipewa zawadi ya kamusi yenye jalada gumu. Niliibeba hadi nyumbani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sufuria ya uji moto.

Hakuna aliyeitazama. Siku hiyohiyo cucu, bibi yetu mzaa mama, alikuwa amepanda kutoka Mbeere, kule chini kwenye joto. Ndani ya kiondo chake, katikati ya ndengu, mlikuwa na mtoto wa kobe mdogo kama kifuniko cha birika. Akampa mdogo wangu, msichana wa darasa la tatu. Mimi akaniambia, "Wewe ni mkubwa," na hiyo ndiyo ikawa zawadi yangu. Watoto wa majirani walijaa uani wiki nzima kumwona nguru akitoa kichwa na kukirudisha. Kamusi yangu ilikaa mezani na hakuna aliyeuliza ina nini. Niliona wivu, na mpaka leo sijapata jina zuri zaidi la kuupa.

Mdogo wangu alimpenda yule mnyama kwa namna ya kummaliza. Alimweka ndani ya katoni chini ya kitanda chetu, gizani, asije akaibiwa. Alimlisha ugali uliochovywa kwenye chai ya maziwa, kwa sababu hicho ndicho chakula alichokipenda mwenyewe. Kule Mbeere nguru angeshinda juani akitafuna majani makavu. Kwetu Kanja, mwezi wa Juni ukishaingia, ukungu hukaa mpaka saa nne na jua likitokea halikai. Nguru hata jua hilo dogo hakuliona, maana katoni ilitolewa nje pale tu wageni walipokuja.

Kufikia Julai pua yake ilikuwa ikitoa mapovu. Macho yalizibwa na utongo, na mdogo wangu alikuwa akiyafuta kila asubuhi kwa pindo la sketi ya shule. Miguu ya nyuma aliiburuta. Gamba ndilo lililonishangaza mimi. Ukilibonyeza kwa kidole lilibonyea, kama yai ambalo kuku amelitaga kabla ganda halijakomaa. Nilikuwa nikilibonyeza mdogo wangu akiwa hayupo. Nilitaka kuona litafika wapi.

Baba alikuwa akitibu ng'ombe. Alizunguka vijijini kwa baiskeli, mkoba wa sindano ukiwa umefungwa nyuma. Jumatano moja mdogo wangu alimngoja amalize kula.

"Baba, nguru yangu iko na homa."

"Inatoa maziwa?"

"Hapana."

"Inataga mayai ya kuuza?"

"Hapana."

"Basi itafute daktari yake. Mimi si yeye."

Tulicheka wote isipokuwa mwenye mgonjwa. Mimi nilicheka kupita wenzangu na nikaendelea hata baba aliponyamaza. Ndipo, akichokoa meno, akasema jambo la maana. "Hiyo kitu imekosa jua. Hata ndama ukiifungia kwa giza, mifupa inakuwa maji. Mrudishie cucu wenu ipate joto, na apondee maganda ya mayai kwa chakula yake." Mama akasema atashuka Mbeere Jumamosi na atambeba kwenye kiondo. Mdogo wangu akahesabu kwa vidole: Alhamisi, Ijumaa. Vidole viwili tu, na nguru angekuwa juani.

Siku iliyofuata nilikuja nyumbani kula chakula cha mchana. Darasa la tatu walikuwa wameshatoka shule, na mdogo wangu alikuwa ameketi mlangoni mwa jikoni, nguru akiwa mapajani amefungwa ndani ya sweta. Mnyama alikuwa akipumua kwa kufungua mdomo.

"Haitafika Jumamosi," mdogo wangu akasema. "Angalia kwa kitabu yako. Inasema nini ya homa ya nguru?"

"Kitabu chako," nikamsahihisha.

"Kitabu chako," akarudia kwa adabu.

Nikaleta kamusi. Kobe yuko kwenye K, nilimjua tangu darasa la nne na nilijua hata mstari wake uko upande gani wa ukurasa. Nikafungua N. Nikamsomea kwa sauti ile niliyotumia mbele ya wageni wa shule: nguru, samaki mkubwa wa baharini.

Msomaji asimwone mdogo wangu mjinga. Siku hizo watu wa kwetu hawakuwa wakila samaki, na yeye hakuwahi kumwona hata mmoja isipokuwa kwenye picha. Hata hivyo alisita.

"Samaki haina miguu."

"Wa baharini ana miguu. Umewahi kufika baharini?"

"Hapana."

"Ndiyo maana anaumwa. Mmemweka pakavu. Anataka maji ya chumvi."

Nilidhani nitamwacha achanganyikiwe kidogo kisha nicheke. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Lakini alileta beseni la kufulia, akamimina maji na kikombe kizima cha chumvi, akakoroga kwa mkono, na mimi nilisimama pale nikila githeri yangu. Akamtumbukiza. Nguru akaanza kutapatapa kwa miguu yote minne, hata ile ya nyuma iliyokuwa imekufa, akanyoosha shingo kutafuta hewa. Sikuwa nimewahi kumwona na nguvu hivyo.

"Inatoa kichwa," akasema.

"Anazoea."

"Inataka kutoka."

Hapo nilikwenda pembeni ya jikoni, nikachukua jiwe letu la kuvunjia makadamia, lile lenye kishimo katikati, nikampa. Akaliweka juu ya gamba polepole, akijitahidi asimuumize. Nikanawa mikono, nikarudi shule. Alasiri ile tulikuwa na Kiswahili na nilijibu maswali yote.

Saa kumi nilimkuta palepale kando ya beseni. Alikuwa ameshaliondoa jiwe na alikuwa anamtikisa nguru kama mtu anayeamsha mtoto wa shule. Shingo ilikuwa imelegea nje, nyembamba, na maji yalikuwa yakitoka mdomoni. Aliinua uso akaniuliza swali ambalo ningeweza kulijibu kwa ukweli, na ingekuwa bado mapema.

"Chumvi ilikuwa kidogo?"

"Ndiyo," nikasema. "Ilikuwa kidogo."

Alimzika chini ya mbuni, mti wetu wa kahawa. Jumamosi mama akashuka Mbeere na kiondo kitupu. Kwa miezi mingi mdogo wangu aliwaeleza watoto wa majirani kwamba nguru wake amekufa kwa sababu yeye alibania chumvi. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi. Mara moja nilimsahihisha sarufi.

Mwaka uliofuata aliingia darasa la nne, na mimi nilikuwa nikirudia darasa la saba, maana hodari wa Kiswahili alianguka hesabu. Jioni moja alifika nyumbani akakaa mbele yangu mezani. Siku hiyo kwenye kitabu chao cha Kiswahili walikuwa wamesoma kisa chenye picha, na chini ya picha palikuwa na neno moja. Akanisogezea kamusi.

"Nisomee kobe," akasema, "kwa kitabu chako."

Sikuwa na la kusahihisha. Nikasoma: mnyama wa nchi kavu, mwenye gamba gumu, atembeaye polepole. Akasikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaichukua kamusi akatoka nayo.

Baba ndiye aliyeikuta. Ilikuwa ndani ya beseni la kufulia, maji yamejaa, meupe kwa chumvi, na juu yake jiwe la makadamia. Kurasa zilikuwa zimevimba na wino wa muhuri wa shule umeanza kutoka. Kitabu cha zawadi. Baba alikata fimbo ya mbuni palepale, akamshika mdogo wangu mkono mmoja, akaanza kumchapa miguuni, na kati ya fimbo na fimbo alikuwa akimuuliza kwa nini.

Mdogo wangu hakulia. Alikuwa akinitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayengoja gari analojua litapita. Fimbo ilipovunjika akamwambia baba, "Muulize huyu. Yeye anajua."

Baba akanigeukia, akihema, kipande cha fimbo bado mkononi. "Ni kwa nini?"

Nikasema, "Sijui."

Akaenda kukata fimbo nyingine.