Malaika wa bawa jeusi

Juzi nilikuwa Kasongo, katika chumba kimoja cha kuchajia simu, nikisubiri yangu ijae. Kando yangu walikaa madereva wawili wa pikipiki, marafiki wa siku nyingi, wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama tangazo la sehemu mpya ya mchezo wa simu wanaoupenda. Ndani yake kuna malaika, na bawa lake moja limekuwa jeusi.

"Huyu anageuka mubaya," alisema mwenye simu.

"Haiwezekani," alijibu mwenzake, mwenye kofia ya sala. "Malaika haasi. Anafanya tu ile Mungu anamutuma."

"Na Shetani je?"

"Ule ni jini."

"Kwetu sisi Wakristo alikuwa malaika!"

Sauti zilipanda, watu wakageuka. Mama mwenye chumba akauliza, "Huyo malaika, ni nani anamuongoza?"

"Ni sisi, mama. Tunamuongoza na vidole."

"Basi mumukatalie mabaya."

Mwenye simu akatikisa kichwa. "Muchezo ukisema piga mutu, unapiga, ao hauendelee mbele."

Mwenye kofia akatoa simu yake mwenyewe na kuanza kuufuta mchezo. Mwenzake akamshika mkono: "Ngoja kwanza, sehemu mupya haijatoka!" Hakungoja.

Katika nchi hii nimewasikia watu wengi wakijitetea kwamba walitumwa tu. Huyu ni wa kwanza niliyemwona akikataa kabla hajatumwa.