Inchi Mbili za Huruma

Nikiri mwenyewe kabla majirani hawajanisemea: shehena ya kwanza ya magauni yetu ya watoto kuvuka bahari ilirudishwa kwa sababu yangu. Ilikuwa miaka ya sabini ikiishia, nami nilikuwa mkataji wa vitambaa katika karakana ya ushonaji, Eastleigh. Karatasi ya wanunuzi wa Ulaya ilitaja vipimo waziwazi. Mimi na kidato changu cha nne tukaisoma, tukawahurumia watoto wao. Nani anamkatia mtoto nguo ya kumtosha leo? Kesho je? Nikaongeza inchi mbili kila upande.

Mwenye karakana, tuliyemwita Bi Mkubwa, hakunifokea. Afadhali angefoka.

"Wametupa nafasi moja tena," alisema. "Tukikosea, nafunga mlango, kila mtu atafute kwake."

Mpaka hapo kila fundi alikuwa mfalme wa cherehani yake: anaanza kola, anamaliza pindo, na mteja wa mtaani akilalamika anaambiwa nguo itamzoea. Bi Mkubwa aliupindua ufalme huo kwa wiki moja tu. Meza ya kola, meza ya mikono, meza ya vifungo. Fundi mzee, aliyewavisha suti nusu ya maharusi wa mtaa wetu wa Mbotela, akapewa mifuko.

"Mifuko tu, Bi Mkubwa? Hata gauni nisilione likiisha?"

"Utaliona likienda melini, mzee wangu."

Mimi nilinyang'anywa makasi, nikapewa tepu na kiti mlangoni: gauni lisipite bila kupimwa.

"Wewe kwa kukaa hujambo," aliniambia.

Kweli. Mtu ambaye Jumapili haendi mbali kuliko kizingiti chake alikuwa amepata kazi yake. Mfuko wa fundi mzee niliurudisha mara tatu. Mara ya nne aliuleta mwenyewe, akanisimamia kichwani nikipima. Ukakaa sawasawa. Akacheka, nami nikapumua.

Shehena ikaenda. Iliyorudi safari hii ni barua: wanataka mengine, mara mbili ya yale. Karakana ilijaa vigelegele. Fundi mzee alicheza na gauni kichwani.

Jioni hiyo niliingia Mbotela kifua mbele, tepu shingoni kama nishani. Jirani yangu alikuwa akimjaribisha bintiye sare mpya ya shule, mikono imemeza vidole. Nikapima bila kuombwa, nikatangaza: imezidi inchi tatu, kwetu hii haipiti.

Hakuinua hata macho.

"Ondoa tepu yako hapa. Hao Wazungu wako wananunua nguo kila mwaka. Huyu wangu ataivaa hii mpaka darasa la saba."