Nilisaini kuwa mimi ni Mkatoliki ili nisifukuzwe chuoni, mwenzangu Mwislamu akakataa

Wakuu, amahoro.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauachia. Kila nitakachosema kimenitokea, na sehemu kubwa inaniaibisha mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Niko Rumonge, Burundi. Kiswahili changu kina harufu ya Kigoma kwa sababu nimekulia kambini huko. Wazazi walikimbia vita nikiwa mgongoni. Tulirudi mimi nina mke, watoto wawili na digrii ya historia.

Sisi ni walokole. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa, lile kanisa la maturubai pale kambini. Kumbukeni hilo.

Tuliporudi nilipata kazi kwenye chuo kidogo cha Wakatoliki, juu ya kilima, madirisha yote yanatazama ziwa. Si chuo cha kufundisha ufundi wala uhasibu. Pale kila mwanafunzi anasoma falsafa, historia, lugha na hesabu, ukipenda usipende. Wanafunzi wachache, unawajua wote kwa majina.

Rekta wetu, yaani mkuu wa chuo, alikuwa padri mzee, mpole, mwenye sauti ya chini. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua kufundisha. Kuhusu dini hakuniuliza kitu.

Meza yangu kwenye chumba cha walimu ilipakana na ya Salim, mwalimu wa hesabu. Mwislamu, ukoo wao ulitoka Omani zamani sana, wana duka la vitambaa mjini. Alikuwa amefundisha pale miaka tisa. Wanafunzi wakifiwa, Salim ndiye alikuwa wa kwanza kufika msibani.

Basi ikaja kelele. Baadhi ya wazazi na wakubwa wa kanisa walisema chuo kimebaki cha Kikatoliki kwenye kibao cha getini tu. Kusema kweli hawakuwa na nia mbaya. Waliogopa kupoteza kitu chao.

Bodi ikatoa fomu. Kila mwalimu aandike parokia yake, mwaka aliobatizwa, kisha asaini kwamba anaishi imani Katoliki. Asiyesaini, mkataba wake hauendelei.

Salim aliisoma ile fomu amesimama. Akaikunja, akampelekea Rekta mkononi.

Aliporudi alianza kutoa vitabu vyake kwenye droo. Nikamuuliza, "Umesaini?"

"Nisaini nini, ndugu yangu? Miaka tisa nimefundisha chini ya ule musalaba, haujanigombesha hata siku moja. Sasa wanataka nidanganye mbele yake?"

Hakusema zaidi. Alinipa mkono, akashuka kilima.

Mimi nilisaini, wakuu.

Niliandika parokia ya baba yangu mdogo, ambaye kweli alikuwa Mkatoliki. Mwaka wa ubatizo niliutunga. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mke wangu Odette nilimwambia jioni ile ile. Aliacha kuchambua maharage.

"Baba Joel, ungewaambia tu wewe ni mlokole, wakufukuze, tukalime. Mashamba yapo."

"Na digrii nikaifanyie nini?"

"Sijui. Lakini Jumapili watoto wakiniuliza baba yuko wapi, jibu utawapa mwenyewe."

Kuanzia hapo kila Jumapili nilikwenda misa ya chuo, na Odette akaenda kanisani kwetu na watoto. Ili nionekane, nilipanga mstari wa komunyo, ambayo asiye Mkatoliki haruhusiwi kuipokea. Rekta ananyanyua hostia, kile kimkate cheupe, anasema, "Mwili wa Kristo." Najibu, "Amina."

Nyie ambao ni Wakatoliki mnajua nilikuwa nafanya nini. Hata mimi nisiye Mkatoliki nilijua.

Iliendelea hivyo muhula mzima.

Halafu nikapewa somo la maadili, mwenye somo alikuwa mgonjwa. Siku hiyo mada ilikuwa ukweli. Nafundisha vizuri tu, ubaoni nimejaza, mpaka binti mmoja, Chantal, mtoto wa wakulima wa Kizuka, akasimama.

"Mwalimu, niko na swali. Mwalimu Salim aliacha kazi juu ya kuwa hakutaka kuandika uongo, ni vile? Sasa hapa sisi tunajifunza nini?"

Hakujua lolote kuhusu mimi. Angekuwa ananishambulia ningejitetea. Yeye alitaka jibu.

Niliweka chaki chini. Nikawaambia nitajibu kesho, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa Rekta, nikamwambia yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nilijua. Ishara ya msalaba ulikuwa unaanzia bega la kulia; sisi tunaanzia la kushoto."

"Kwa nini hukusema, Padri?"

"Nilikuwa nimeshampoteza Salim. Nikaogopa kubaki bila walimu. Kila Jumapili nilikupa kile nilichojua sipaswi kukupa." Alivua miwani. "Wewe ulidanganya mara moja kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nadanganya altareni."

Kesho yake niliingia darasani nikawaambia wanafunzi: mimi si Mkatoliki, nilidanganya, Mwalimu Salim hakudanganya. Mmoja alifunga daftari akatoka. Chantal aliinamisha kichwa akalia. Hakuna aliyecheka.

Kazi iliisha wiki hiyo, kwa haki. Rekta naye aliieleza bodi sehemu yake, akaomba kupumzishwa. Wakaibadilisha fomu. Sasa mwalimu anaahidi kuheshimu imani ya chuo, na anaandika ya kwake ilivyo.

Nilikwenda dukani kwa Salim kuomba msamaha. Alikuwa anampimia mama mmoja kitenge. Alimaliza, akakata, akafunga, ndipo akanitazama.

"Unataka nini kwangu? Nikusamehe, halafu ulale muzuri?"

Akavuta kiti. "Kaa. Chai iko." Tulikunywa. Kuhusu msamaha hakurudia, nami sikuuliza tena. Chuo kilimwita arudi, akakataa kwa adabu.

Mimi sasa nafundisha sekondari huku Kizuka. Jumapili nakaa benchi moja na wanangu. Joel aliniuliza kwa nini nilikuwa sisali nao. Nilimwambia ukweli, na bado kuna siku ananiangalia kwa namna fulani.

Nilichojifunza: taasisi ya dini ina haki ya kulinda imani yake. Lakini ikimlazimisha mtu achague kati ya mkate na ukweli, itabaki na watu kama mimi, na itawapoteza kina Salim.

Wakuu mnaofanya kazi kwenye shule na hospitali za dini isiyo yenu, mmewahi kuwekewa karatasi kama ile mbele? Mlifanyaje? Niko hapa nasoma, hata wenye maneno makali wasijizuie.