Siku Niliyoacha Kubisha

Mimi ni mbishi. Sisemi hivi kwa majigambo wala kwa kuomba radhi, nasema tu ili ujue unasoma habari za nani. Mama, kabla hajatutoka, alikuwa akisema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Nimepoteza kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya watalii kwa sababu ya mdomo, nikapoteza ya ukarani kwa wakili mmoja mjini kwa sababu ya mdomo huo huo, na ndoa yangu nayo, ukiacha mengine yote, mdomo ulichangia. Nikarudi kwa baba, juu ya Kikatiti, mtu mzima na begi langu, na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu ambayo hakuna aliyeihitaji.

Kwetu Wameru ardhi inakwenda kwa watoto wa kiume. Kaka zangu walishakatiwa vihamba vyao, kila mmoja na migomba yake na kahawa yake, wala sikuwa na kinyongo nao, ndivyo tulivyokuta mambo. Aliyekosa usingizi ni baba. Ni mzee wa kanisa na ni mtu wa kuwaza sana. Alitaka nipate kazi ya serikali, niwe na cheki namba ya mshahara na pensheni mbele yangu, ili siku akifa asiniache naomba pa kulala kwa wake za kaka zangu. Alilisema wazi siku moja tunamenya ndizi jikoni.

"Kaka zako wana kihamba," aliniambia. "Wewe kihamba chako ni huo usaili."

Tatizo ni kwamba tangazo la kazi za serikali linasema mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano, na mimi nilikuwa naelekea huko kwa kasi. Nafasi za wasaidizi wa kumbukumbu zilipotangazwa niliziona mimi mwenyewe nikiwa kazini, kwenye steshenari moja ya Ngarenaro ninakochapa karatasi za watu na kuwatumia maombi yao ya kazi mtandaoni. Nilikuwa nimewaombea vijana wa watu wengi kweli kweli, wengine wakapata, wakaja kuniletea soda. Safari hii nikaomba la kwangu. Ningekosa hapo, basi tena, maana tangazo linalofuata lingenikuta nimeshapita umri.

Kwa asiyewahi kuupitia, usaili wa serikali una ngazi zake. Wa kwanza ni mchujo: mnajazwa ukumbini, mnapewa maswali ya kuchagua jibu, na wengi wanaishia hapo. Ukipita unaitwa kwenye vitendo, na kwa kada yetu hiyo ni kompyuta na mafaili, fungua faili, lipe namba, sema barua hii inaenda wapi. Mwisho ni ana kwa ana, unakaa mbele ya jopo, watu wazima wamejipanga nyuma ya meza, wanakuuliza kwa zamu. Kitabu cha kusomea hakuna. Watu wanaokoteza kwenye magrupu ya WhatsApp vitu wanavyoviita nondo: sheria ya utumishi wa umma, maadili ya mtumishi, muundo wa serikali kuanzia kijijini, hesabu kidogo, Kiingereza kidogo, na kazi zenyewe za kada yako. Nusu ya nondo hizo ni uongo mtupu. Najua, maana nimezichapa mimi.

Nikachagua zile nilizoziamini, nikazibana, nikapanda nazo nyumbani. Baba akavaa miwani, akasema yeye ndiye atakayekuwa jopo.

Usicheke. Yule mzee amefundisha watoto wa kipaimara tangu mimi ni mdogo, anajua kumhoji mtu hadi ajute. Kila jioni ng'ombe akishakamuliwa, baba anakaa mezani, mimi natoka nje, napiga hodi, naingia, nasema shikamoo, nangoja kuambiwa keti. Nikikaa kabla sijaambiwa, natoka tena, na baridi ya mlima ilivyo. Alisoma maswali taratibu, neno kwa neno. Taja misingi ya maadili ya utumishi wa umma. Eleza tofauti ya masijala ya wazi na masijala ya siri. Neno masijala lenyewe ilibidi nimweleze, kwamba ni ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili, na barua zenye siri zina ofisi yake peke yake. Haikupita muda akawa ananisahihisha utadhani amestaafia huko. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akavua miwani kufuta macho. Hatukuwa tumecheka hivyo pamoja tangu mama afariki.

Tulichogombania ni kimoja tu. Baba aliamini, na hakuwa amekosea sana, kwamba kazi zangu zote niliziua kwa mdomo. Kwa hiyo akawa ananitega. Najibu swali sawasawa kabisa, yeye anakunja uso, anasema siyo. Mimi nawaka. Namwambia karatasi hiyo nimeichapa kwa mikono yangu, jibu ni hilo hilo, ageuze nyuma aone. Anaiweka karatasi mezani polepole.

"Mtu mzima akikuambia umekosea, unasema ndiyo baba, asante," aliniambia. "Ukweli utamwambia siku nyingine, kwa upole. Humwaibishi mbele za watu."

"Hata kama amekosea yeye?"

"Hasa kama amekosea yeye."

Watoto wote wa kule kwetu wamelelewa hivyo, ni mimi tu ambaye haikuniingia. Basi nikajifunza ukubwani. Haikuwa kazi ndogo. Mwanzoni nilikuwa nasema ndiyo baba huku pua zimenitanuka, naye ananiambia hiyo 'ndiyo' yako bado mbichi, toka nje uanze upya. Nikatoka, nikaingia, nikatoka, nikaingia. Mwishowe ikaiva. Ungeweza kuniambia Mlima Meru uko Moshi, nikainamisha kichwa nikashukuru. Baba akafurahi mno, hadi akawatangazia watu kanisani kwamba binti yake siku hizi amepoa.

Mchujo nilipita. Vitendo nilipita vizuri zaidi. Kwenye foleni vijana walinipa shikamoo wakidhani mimi ni msimamizi, nikaitika marahaba, ningefanyaje. Pale ndipo nilipofahamiana na dada mmoja wa Olasiti, mdogo kwangu sana, mpole, anayeongea kwa sauti ya chini hadi umwinamie kumsikia. Tukawa tunasubiriana na kupeana nondo. Kusema ukweli nilimwonea huruma. Nilijisemea, huyu jopo litammeza mzimamzima.

Siku ya ana kwa ana baba alishuka nami hadi barabarani Kikatiti, akasimama na fimbo yake mpaka nikapata gari. Alinishika mkono, akanikumbusha nisimjibu mtu kwa ukali. Nikamwambia ndiyo, baba. Ilitoka moyoni, haikuwa na ubichi wowote.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mama mmoja wa rika langu katikati, kijana mwenye kompyuta, na pembeni mzee mwenye mvi kichwa kizima na koti la kahawia. Angeweza kuwa yeyote kati ya wazee wanaokaa benchi la mbele kanisani kwetu. Nikasema shikamooni, nikangoja, nikaambiwa keti. Na nilijibu vizuri jamani. Nilijieleza bila kujikanyaga, nikataja misingi ya maadili yote, nikaeleza safari ya faili tangu linafunguliwa hadi linafungwa. Yule mama alikuwa akiandika huku anaitikia kwa kichwa.

Ndipo mzee akauliza la kwake. Imefika barua masijala ya wazi, bahasha imeandikwa SIRI, ninafanya nini? Swali hilo hata ungeniamsha usingizini ningelijibu. Nikasema siifungui. Naipokea kama ilivyo, naandika namba iliyo juu ya bahasha, naipeleka ikiwa imefungwa kwa mhusika wa masijala ya siri.

Mzee akakunja uso.

"Hapo umekosea, mwanangu," akasema. "Unaifungua kwanza, unaisoma, unaisajili, ndipo unaipeleka. Utasajili kitu usichokijua?"

Nilijua si kweli. Mwanafunzi aliyeanza chuo jana anajua si kweli. Joto likaanza kunipanda shingoni kama lilivyozoea, na lingekuwa la zamani, mzee wa watu angenikoma. Lakini nililishusha, na nikajipongeza kimoyomoyo kwa kulishusha. Nikamwona baba na miwani yake, mkono juu ya zile karatasi. Nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, baba. Nimekosea. Asante kwa kunielekeza."

Yule mama aliacha kuandika, akanitazama kidogo, na mimi nikadhani ameridhika. Wakanishukuru, nikawashukuru, nikatoka. Kabla hata sijafika getini nilishamtumia baba ujumbe kwamba nimewajibu wote kwa adabu.

Dada wa Olasiti aliingia baada yangu. Nilimsubiri, tukaenda kunywa chai kwenye mgahawa wa jirani. Akaniambia mzee amemtesa na swali la barua ya siri, eti alimwambia amekosea. Nikacheka, nikasema hata mimi, kwani ulimjibuje? Akasema, kwa ile sauti yake ya kuinamia, kwamba alimwambia samahani sana mzee, lakini mimi sitaifungua. Mzee akamkazia, je, kama bosi wako ndiye anakuamuru? Akasema hata hivyo hapana, kwa heshima zote. Hapo mzee akatabasamu, akamwambia walitaka tu kuona kama atayumba.

Chai ilinishinda. Nilimdanganya kwamba tumbo limenikata, nikajifungia kwenye choo cha mgahawa nikalia. Nimelia mara nyingi maishani, lakini kwa hasira, na kilio cha hasira nakijua, unalia unapiga mlango. Hiki hakikuwa na mtu wa kumkasirikia. Maisha yangu yote nimewabishia watu kwa mambo ya kipuuzi, chumvi imezidi, foleni siyo hii, halafu siku moja tu ambayo ubishi ulikuwa ndiyo kazi yenyewe, siku hiyo ndiyo nikawa mtoto mzuri.

Nyumbani nilimwambia baba imekwenda salama, tungoje. Akangoja kwa furaha yake yote. Alianza hata kusema nikipangiwa mbali nisisahau koti, kama vile kuna mahali baridi kuliko kwetu.

Majina ya waitwao kazini yalipotoka, la dada wa Olasiti lilikuwemo, langu halikuwemo. Akaunti yangu ya maombi mtandaoni iliandika tu kwamba sikufikia alama kwenye usaili wa ana kwa ana. Alinipigia simu analia kwa furaha, nikampongeza, na nilimaanisha huku roho inaniuma hivyo hivyo. Alistahili. Hata ningekuwa mimi niko kwenye jopo lile ningempa yeye, maana mtu anayeyumbishwa na mvi za mzee hafai kukabidhiwa bahasha ya siri ya mtu yeyote. Hawakunionea. Ningepata wa kumlaumu ningepona mapema.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba akikatakata mgomba wa kumlishia ng'ombe. Nilikuwa nimejipanga kumwambia nafasi zilikuwa chache, watu wengi, mambo ya kawaida. Aliniona uso akaelewa. Akaweka panga chini, akakaa kwenye gogo, na kwa kuwa yeye alikuwa jopo langu, hakuuliza kwa nini wamenikata. Aliuliza ni swali gani nililokosa.

Nilikuwa nimechoka, na mdomo wangu ni mdomo wangu. Nikamwambia. Nikamweleza barua, bahasha, mzee wa koti la kahawia, nilivyojua jibu, nilivyoinamisha kichwa nikasema ndiyo baba, na yule dada alivyokataa akachukua kazi. Yalinitoka yote kwa mkupuo mmoja, na nilipofika mwisho ndipo nikaona nimefanya nini.

Baba alitazama mikono yake iliyojaa utomvu wa mgomba. Akaifuta kwenye suruali, haikufutika.

"Basi ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekukosesha kihamba chako."

Angekuwa amesema kwa kujitetea ningejua la kufanya. Alilisema kama mtu anayesoma jibu nyuma ya karatasi, na lilikuwa jibu sahihi, au karibu na sahihi kiasi kwamba sikuwa na pa kulishikia. Nikainua uso nikamtazama machoni. Joto halikupanda shingoni.

"Hapana, baba," nikamwambia. "Hapo umekosea."

Akanitazama. Amenilea yule mzee, anajua ninaposema uongo. Akainama akaokota panga lake.

"Hivyo ndivyo ungewajibu," akasema, akaendelea kumkatia ng'ombe mgomba.