Mbegu Zisizoota na Maneno Niliyoyaacha

Siku yangu ya kwanza kazini sikuandika hata neno moja. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na mwandiko ulionyooka, baba amenishonea kaptura ya kaki, nami nikaripoti barazani asubuhi na mapema nikiwa na kiburi cha kutosha watu watatu. Mwamuzi, yaani mzee aliyewekwa na mwene, mtawala wetu wa jadi, kusikiliza mashauri, alinitazama, akachukua kalamu mkononi mwangu, akaitia sandukuni na kulifunga. "Leo sikiliza tu," akasema. "Wanaojua kuandika wapo. Wanaojua kusikiliza ndio shida." Nilikasirika, nikakaa siku nzima nikihesabu boriti za paa.

Jina la baraza lenyewe naliacha, maana wajukuu wa waliokuwa wakishtakiana pale bado wanauziana mbuzi hadi leo. Lilikuwa upande wa Matai, nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa kwa nyasi, na upepo wa Ufipa ukiingia dirishani utadhani nao umeitwa shaurini. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mashauri ya wenyeji yalianzia kwetu, na asiyeridhika alikata rufaa, ndiyo kuomba shauri lake litazamwe upya na mkubwa zaidi, ambaye kwetu alikuwa Bwana Shauri wa boma la Sumbawanga. Mwamuzi alikaa na wazee wawili wa kumshauri. Tarishi wa baraza alipeleka samansi, karatasi ya kumwita mtu. Mimi karani niliandika katika kitabu cha mashauri nani mdai, nani mdaiwa, kila mmoja amesema nini, na hukumu ni ipi. Niliiona kazi rahisi.

Ninyi vijana mnadhani udanganyifu katika biashara umeanza juzi na simu zenu. Hata sisi tuliletewa asali iliyotiwa maji, na maksai aliyesifiwa kwamba anajua jembe, kumbe hajawahi kufungwa nira. Mwamuzi hakuwa amesoma sheria ya kitabuni, lakini alikuwa na kipimo chake. Alisema mtu akikuuzia kitu kibovu naye hajui, amekosea, kila mmoja achukue chake mwende nyumbani. Akikuuzia huku anajua, amekudanganya, na huyo hubeba hasara yote iliyotokana na uongo wake. Kwa hiyo kila shauri la namna hiyo alilitafutia mambo mawili: muuzaji alisema nini kabla ya kupokea malipo, na wakati anasema alikuwa anajua nini.

Nilikuwa na mwaka mmoja na nusu kazini alipokuja Mama Felista, mjane mwenye watoto watano. Mwaka uliotangulia alikuwa amelima matuta yetu ya Kifipa, yale ya mviringo yanayofukiwa majani ndani ili yaoze. Mwaka wa pili ndipo matuta huvunjwa, udongo ukasambazwa na ulezi ukamwagwa. Shamba la ulezi, basi, ni jasho la miaka miwili. Mvua ilipokaribia, kihenge chake kikaungua pamoja na mbegu zote. Akaenda kwa jirani yake Kasiano, mtu wa heshima, kiongozi wa nyimbo kanisani, akampa mbuzi jike mwenye mimba, naye akapewa ulezi. Akaumwaga shambani. Mvua ikanyesha vizuri kabisa, na shamba likaota magugu tu.

Alipofahamu, wakati wa kupanda ulikuwa umepita. Alimwambia Mwamuzi kwamba mbuzi hamdai sana. Alichokuwa anakililia ni mavuno. Bila mavuno ingembidi awagawe watoto kwa ndugu, huyu huku na yule kule, naye alikuwa amemuahidi marehemu mumewe kwamba watakua chini ya paa moja.

Alikuwa na kibuyu chenye masalio ya zile mbegu. Mwamuzi akakipokea kiwe kielelezo, kitu cha kuonyesha ushahidi, kisha akafanya jambo ambalo sijaliona katika mahakama nyingine yoyote. Akamwita Bibi Yustina, mpika pombe. Kwetu mpika pombe huroweka ulezi, huuchuja, huufunika kikapuni kwa majani, na baada ya siku chache huwa umetoa vijimizizi vyeupe. Huo ndio kimea. Usioota hauna kimea, na pombe yake haifai. Basi vikawekwa vikapu viwili ndani ya baraza, kimoja cha ulezi wa kibuyu cha mjane, kingine cha ulezi wa ghala la Mwamuzi mwenyewe, na tarishi akavilinda. Siku ya nne cha Mwamuzi kilikuwa cheupe tupu. Cha mjane kilikuwa kinanuka.

Kasiano hakubabaika. Alikiri kwamba alimwambia mama yule ulezi ni wa mwaka huo, tena ndio aliopanda yeye mwenyewe. "Ni maneno ya biashara tu, mzee," alisema. "Kila muuzaji husifu chake."

Mwamuzi akamjibu taratibu. "Ukisema ulezi wako mzuri, unausifu. Ukisema ni wa mwaka huu, hiyo si sifa tena, hiyo ni habari, na mwenzako ameitegemea akamwaga shamba zima."

Hapo Bibi Yustina akapiga makofi ya heshima, akaomba kusema. Akaeleza kwamba ulezi huo anaufahamu. Kasiano alimpelekea kapu zima wakati wa kiangazi ampikie pombe, ukakataa kuota, akamrudishia na kumwambia wazi kwamba umekaa ghalani mno, aule tu ugali. Mwamuzi alikuwa amepata mambo yake yote mawili, akahukumu Kasiano amlishe mjane na watoto wake mpaka mavuno mengine.

Sasa nifike kwangu. Siku ile niliandika mistari mitatu. Niliandika kwamba mdai alitoa mbuzi akapewa ulezi, kwamba ulezi haukuota mbele ya baraza, na kwamba mdai ameshinda. Maneno ya Kasiano sikuyaandika, kwa kuwa moyoni nilikubaliana naye kwamba ni maneno ya kupatana bei. Ya Bibi Yustina sikuyaandika pia, kwa kuwa niliyaona umbea wa wapika pombe, na mkono ulikuwa umechoka. Mwamuzi hakujua kusoma. Nilimsomea, naye kwa kuwa kichwani mwake shauri lote lilikuwemo, hakusikia lililopungua. Akatia dole gumba.

Kasiano akakata rufaa, na rufaa ikikatwa hukumu haitekelezwi kwanza. Tukatembea siku mbili mpaka Sumbawanga, mimi nimebeba kitabu na Mama Felista kambeba kitinda mimba wake, Anjela. Alinigawia viazi njiani. Aliniita "mwanangu".

Bwana Shauri alikuwa Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha polepole kisichokosea. Akasoma mistari yangu, akageuza karatasi kutafuta mingine, hakuiona.

"Ulezi huu unaliwa?" akamuuliza Mama Felista.

"Unaliwa, Bwana Mkubwa."

"Ulitoa mbuzi, ukapata ulezi unaoliwa. Basi ulidanganywa wapi?"

Yule mama hakubishana. Aligeuka akaninyooshea kidole. "Nilieleza yote, Bwana Mkubwa. Kijana huyu aliandika."

Sijawahi kuona aibu kama ile, si kabla wala baadaye. Ningeweza kukaa kimya. Kasiano alikuwa anatazama miguu yake, na hakuna aliyeniuliza. Lakini mwanamke yule alikuwa na uhakika kwamba maneno yake yamo kitabuni, uhakika ule ule aliokuwa nao juu ya mbegu. Nikasimama nikasema kwamba yapo maneno yaliyosemwa barazani nami sikuyaandika.

"Kwa nini?"

"Niliona hayana maana, Bwana Mkubwa."

"Uliajiriwa kuona au kuandika?"

Nikaomba kalamu. Hakukubali niyaongeze pale, na alikuwa na haki, maana karani anayeongeza maneno baada ya mwezi ni hatari kuliko anayeyapunguza. Akaamuru mashahidi waitwe boma waseme upya. Tarishi akaenda kumtafuta Bibi Yustina, akaambiwa yuko Kasanga kwa binti yake aliyejifungua. Mpaka akapatikana na kufika Sumbawanga, mwezi mzima ulikuwa umekwisha. Alipofika alisema neno kwa neno kama alivyosema kwetu, na Kasiano, kwa haki yake, hakuyakana. Rufaa ikatupwa. Bwana Shauri akaongeza kwamba mbuzi arudishwe na mtoto wake, na kwamba zitolewe mbegu mpya ambazo Bibi Yustina atazijaribu kwanza.

Mama Felista alishinda, lakini mwezi ule chakula kilikuwa kimemwishia. Alikuwa amewapeleka mabinti wawili, yule mkubwa na Anjela, bondeni Rukwa kwa dada yake asiyekuwa na mtoto. Ulezi ulipofika nyumbani, akawafuata, akarudi na yule binti mkubwa tu. Anjela alikuwa amekwisha zoea, akimlilia mama mkubwa akitoka tu nje, na dada mtu akaomba aachiwe. Akaachiwa. Hivyo ndivyo ahadi ya mjane kwa marehemu mumewe ilivyovunjika, kwa maneno niliyoyaona hayana maana.

Sikufukuzwa kazi. Mwamuzi alinitetea, kisha tuliporudi akachukua kalamu yangu akaitia tena sandukuni, na wiki nzima nilikaa nasikiliza tu. Tarishi ndiye aliyeandika, kwa herufi kubwa kama vichuguu, ila aliandika kila kitu, hata aliyekohoa.

Baada ya hapo nilihamishiwa Laela chini ya mwamuzi mkali, kisha boma lenyewe kwa karani mkuu aliyekuwa akipima wino kwa kijiko, na mwisho Chala. Bendera ikabadilishwa, mabaraza yakawa mahakama za mwanzo. Wakubwa walinilalamikia kwamba ninamaliza vitabu haraka, kwamba kwangu shauri la kuku linajaza kurasa. Nilikubali lawama. Sikumweleza yeyote sababu.

Mwezi wangu wa mwisho kabla ya kustaafu alipanda mwanamke kutoka bondeni, amekuja na mtu aliyekuwa anamuuzia mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Walitaka mapatano yao yaandikwe. Nikamwambia muuzaji arudie yote aliyomwambia mnunuzi njiani: umri wa mtamba, alikozaliwa, kama amewahi kuugua. Mwanamke akacheka.

"Shikamoo tena, mzee. Unaandika hata porojo?"

"Marahaba. Hata porojo. Jina lako?"

Akasema Anjela. Nikamuuliza jina la mama, kwa kuwa fomu ilitaka. Akauliza aliyemlea au aliyemzaa. Nikasema aliyekuzaa. Akasema Felista, wa upande wa Matai, bado yu hai.

Nikaweka kalamu chini. Ningeweza kunyamaza safari hiyo pia, tena hakuna Bwana Shauri aliyekuwa akinitazama. Nikamweleza yote: kibuyu, vikapu viwili, mistari mitatu. Muuzaji wa mtamba alitoka nje akatuacha. Anjela alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Alivuta kiti chake karibu na meza, akamwita muuzaji arudi ndani.

"Haya, mzee," akasema, "andika yote."

Niliandika kurasa nne kwa ajili ya mtamba mmoja, nikamsomea kila neno, na alipotia dole gumba wino ulikuwa bado haujakauka.