Jumapili Tuliyoacha Kuomba Nguvu

Sauti ilinifikia kabla ya nyumba kuonekana. Nilikuwa nimevuka mfereji, napanda njia nyembamba ya Uru, mlimani juu ya Moshi, katikati ya migomba, na mvua ya masika ilikuwa imekatika muda si mrefu. Kwanza nilidhani ni nyuki wanahama mzinga. Kisha nikatambua kuwa ni watu, si wengi, wanasema wote kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, wala hakuna anayemsubiri mwenzake. Sikuelewa neno hata moja. Lakini niliusikia uchovu wao, kama unavyousikia katika hatua za mtu anayerudi shamba hata kabla hujamwona.

Nilipozunguka ua wa masale, mimea ya mpakani, niliwaona. Walikuwa wanne, wameketi sebuleni, mlango wazi, macho yamefumbwa, viatu vya matope vimeachwa kizingitini. Mmoja wao, mwanamume mwembamba, alikuwa amelala. Midomo yake ilikuwa bado inaomba.

Walikuwa wameniita niwafundishe Kiswahili. Nilikuwa nimemaliza chuo, naandika riwaya ambayo hakuna aliyeniagiza, na mama yangu alikuwa amechoka kuniona nimekaa wakati migomba inahitaji kupunguzwa majani. Wanafunzi wangu walikuwa wamisionari wa tiba, kila mmoja ametumwa na kanisa lake kutoka upande wake wa dunia, wote wakifanya kazi katika hospitali moja ya mlimani. Mwenye nyumba alikuwa mkunga kutoka Ufini, aliyekuja akiwa msichana na sasa ana nywele nyeupe. Watu wa Uru walimwita Bibi, na wengi wao ni yeye aliyewapokea walipozaliwa. Daktari wa watoto alitoka Naijeria, na alikuwa na sauti ya kuhubiria uwanjani. Dada wa usingizi, yule anayewalaza wagonjwa kabla ya kupasuliwa, alitoka kusini mwa India. Na yule aliyelala ndiye daktari wa mifupa, kutoka Korea.

Makanisa yao hayakufanana hata kidogo. Mmoja alizoea kuinua mikono, mwingine alizoea ubani na mishumaa, na Bibi, Mlutheri wa zamani, hakupenda mtu akipaza sauti kabla ya chai. Kwa hiyo walikuwa wamepatana. Kila Jumapili alasiri walianza kwa kuomba pamoja, kila mtu kwa lugha ya mama yake. Baada ya hapo waliomba kwa zamu, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yao na hakuna ambaye angejivuna nacho.

Tatizo ni kwamba Kiswahili chao, ukimtoa Bibi, kilikuwa cha wodini. Walijua kuamuru na kutuliza, basi. Jumapili yangu ya kwanza dada wa usingizi alimwambia Mungu, kwa upole mkubwa, “Tulia. Usiogope. Ni kidogo tu.” Daktari wa watoto alifumbua jicho moja.

“Dada, leo umemchoma Mungu sindano.”

“Na wewe juzi ulimwambia atoe ulimi,” alijibu, macho yake bado yamefumbwa.

Walicheka, kicheko cha watu waliokesha. Hata mimi nilicheka, na nikaamua kutowasahihisha.

Zamu yenyewe ilikuwa na utaratibu. Unataja hitaji lako, na aliye kulia kwako anakuombea. Viti havikubadilika, kwa hiyo kila mtu alikuwa na mwombaji wake. Daktari wa mifupa ndiye aliyemwombea daktari wa watoto, na Bibi ndiye aliyemwombea daktari wa mifupa. Wengine walitaja mambo mbalimbali: mtoto aliyegoma kunyonya, mashine iliyokufa, harusi ya ndugu kule India ambayo dada wa usingizi hakuwepo. Daktari wa mifupa alitaja neno moja, Jumapili baada ya Jumapili.

“Nguvu.”

Na Bibi alimwombea nguvu.

Siku za kazi nilimfundisha daktari wa mifupa nyumbani kwake mjini Moshi, si mbali na mtaa wa Pasua. Alikuwa peke yake. Mke na watoto walikuwa wametangulia kurudi Korea kwa ajili ya shule, naye alikula nao chakula kupitia simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Wagonjwa wake walikuwa wa bodaboda, na wale wanaoanguka kutoka kwenye miparachichi, na wazee wanaoteleza kwenye kihamba, shamba la nyumbani, msimu wa matope. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Aliteleza akikata majani ya ng'ombe, na huyu ndiye aliyemuunga mguu. Alipokuja nyumbani kuuangalia, mama alimpa mtori wa ndizi, akanywa bakuli la kwanza na la pili, na la tatu likamkuta amelala kwenye kiti. Mama alimfunika khanga, kisha akaninong'oneza kwamba kama angejua mtu mwenyewe yuko hivi, asingekubali ampasue, maana angeweza kumwangukia tumboni.

Siku moja, katikati ya somo la kununua viatu, aliniomba nimfundishe sentensi nyingine. Alitaka kujua kusema, “Nataka kurudi nyumbani.” Nilimwambia. Aliirudia polepole, kama mtu anayekanyaga ubao asioujua. Kisha akauliza, mtu akiisema sentensi hiyo hapa kwetu, watu watamjibu nini.

“Watauliza kama kuna msiba.”

“Na kama hakuna?”

“Basi watakupa ndizi, ubebe.”

Ndipo aliponieleza, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza, kwamba muda wake ulikuwa unakwisha na kanisa lake lilitaka jibu kabla ya Pasaka, kama ataongeza muhula mwingine. Kanisa hilo lilimtuma likiamini atatumika maisha yake yote, muhula baada ya muhula. Walimsindikiza mpaka uwanja wa ndege wakiimba, na kila alfajiri walikuwepo wanawake wazee waliopiga magoti kutaja jina lake. Mtu hurudi kutoka kwenye wito kwa uzee au kwa ugonjwa. Yeye hakuwa na hata kimoja. Alikuwa amechoka tu, na wanawake wale walikuwa wakimwombea asichoke.

Nilimuuliza kwa nini hawaambii wenzake wa Uru. Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini hambebi mgonjwa wake mgongoni.

“Kila Jumapili wananiombea nguvu,” alisema. “Nitawaambiaje kwamba haikuja?”

Sikumwambia mtu. Nilienda Jumapili zilizofuata nikakaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, na kila aliposema neno lake nilitazama sakafu. Mvua iliendelea. Mlango wa Bibi ulivimba kwa unyevu ukawa haufungiki, ukabaki umeachama, na baridi ya mlima iliingia ikakaa nasi kama mgeni asiyejua kuaga.

Ikafika Jumapili ya Matawi. Daktari wa watoto alikuwa amekuja na mpango. Alisema wote wanajua kwamba ndugu yao anatakiwa kulijibu kanisa lake wiki hiyo, na kwamba yeye hana shaka na jibu, kwa hiyo leo wamwekee mikono na kumwombea muhula mpya. Alikuwa na furaha ya kweli. Alisimama, akakunja mikono ya shati.

“Taja hitaji lako, ndugu yangu.”

“Nguvu,” alisema daktari wa mifupa.

Sote tuliinamisha vichwa tukamsubiri Bibi. Bibi hakuanza. Tulisikia maji ya mfereji, na ng'ombe wa jirani, mpaka nikainua macho. Bibi alikuwa amefumbua yake, anamtazama yule mwanamume kama anavyomtazama mama anayejifungua, usoni kwanza, kisha mikononi. Mikono ilikuwa imeshika magoti kwa nguvu mno.

“Usisukume,” alisema Bibi.

Daktari wa watoto alishusha mikono yake.

“Wapo wanawake wanasukuma kabla ya wakati,” Bibi aliendelea. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya mlimani zaidi ya changu. “Wanasukuma kwa sababu sisi tumesimama pale tunawatazama. Wanaumia bure. Mimi nakuuliza wewe. Unataka kuendelea, au tumekusimamia tu?”

Daktari wa mifupa aliisema ile sentensi. Aliisema vizuri, bila kukosea, nami nilitamani nisingekuwa mimi niliyemfundisha.

“Nataka kurudi nyumbani.”

“Kuna msiba?” aliuliza dada wa usingizi, haraka.

“Hakuna. Nimechoka.”

Daktari wa watoto alirudi kwenye kiti chake kama aliyesukumwa. Alipozungumza, sauti yake ya uwanjani ilikuwa imekwisha. Alisema sisi sote tumechoka. Alisema mwezi ule ule alikuwa amewafunga waliovunjika miguu kwa mbao kwa sababu zamu ilikuwa haina mtu.

“Mimi ni wa watoto,” alisema. “Ukiondoka, hao wa bodaboda wataletwa kwangu. Nitawapeleka wapi? Niambie, ndugu.”

Machozi yalimtoka daktari wa mifupa bila sauti. Bibi ndiye aliyejibu, ingawa hakulijibu swali.

“Mimi nilibaki,” alisema, “kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Sisemi ilikuwa vibaya. Lakini hakuna aliyeniuliza.”

Siku hiyo hapakuwa na maombi mengine. Dada wa usingizi alivuta kiti chake, akashika kiganja cha daktari wa mifupa kwa namna ya kutafuta mshipa, na akamwambia maneno yale yale aliyozoea kuwaambia wagonjwa wote. Tulia. Usiogope. Ni kidogo tu. Hakuna aliyecheka.

Daktari wa watoto hakuja Jumapili ya Pasaka. Hakuja na iliyofuata. Niliwahi kumwona mjini, sokoni, amesimama mbele ya vitunguu bila kununua, nikamsalimu na hakunisikia.

Alikuja siku ya kumuaga daktari wa mifupa. Sebule ya Bibi ilikuwa imejaa ndizi. Wagonjwa walikuwa wamesikia, na kila mmoja alileta alichokuwa nacho, hata mama yangu alikuja na mkungu wa mshare juu ya kichwa cha shangazi, yeye akitembelea fimbo, akisisitiza kwamba Korea hawana ndizi za kupika. Hakuna aliyethubutu kumweleza habari za mizigo kwenye ndege. Daktari wa watoto aliingia, akasalimia, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote.

Waliomba kila mtu kwa lugha yake. Ule mvumo wa nyuki ulirudi, safari hii na mimi nikiwa ndani yake. Kisha zamu ikaanza, na ilipofika kwake, daktari wa watoto alitazama viganja vyake.

“Nguvu,” alisema.

Aliyekuwa kulia kwake, daktari wa mifupa, alifumba macho. Aliomba kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

“Bwana, mpe usingizi. Na siku akichoka, mpe mtu wa kumuuliza.”

Hakusema amina. Alisimama, akamkumbatia kila mtu, mama yangu akimkumbusha ule mkungu, na daktari wa watoto akambebea begi mpaka kizingitini akaliweka chini. Gari lilikuwa linasubiri ng'ambo ya mfereji. Tulitaka kumsindikiza, desturi inataka hivyo, lakini aliinua mkono kutuzuia, akavaa viatu vyake vya matope. Kisha, akiwa nje, akashika mlango wa Bibi, ule uliovimba, akauvuta mara moja ukagoma, akaweka mguu ukutani, akauvuta tena kwa mikono yake miwili ya mtu anayeunga mifupa, mpaka ukafungika.